Mratibu wa Wiki Sita

Chuoni kwetu waratibu ni wengi. Kuna mratibu wa mitihani, mratibu wa michezo, mratibu wa ubora, na siku hizi kuna hata mratibu wa waratibu, ingawa cheo chake kimeandikwa kwa maneno marefu zaidi. Lakini ukisema "Mratibu" peke yake, hata mlinzi wa getini anajua unamsema nani. Unamsema mzee mmoja mrefu, mwembamba, mwenye shati la mikono mifupi lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipeleka wanafunzi wetu wilayani Kilosa kukaa na wakulima. Alipostaafu cheo kikapewa mtu mwingine, lakini jina halikuhama. Huyo aliyerithi cheo tuliendelea kumwita kwa jina lake la kawaida, na nadhani lilimuuma.

Mpango wenyewe tuliuita Wiki Sita. Jina lake rasmi sidhani kama kuna aliyewahi kulikumbuka. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili alipangiwa kaya moja, ama Rudewa, ama Tindiga, ama kijiji kimojawapo cha milimani. Anakula wanachokula, anakwenda shamba wakienda, na jioni anazunguka nyumba za jirani na madodoso yake, akiuliza watu habari za mavuno, mifugo, maji na ardhi. Wiki ya sita ikiisha anarudi na madodoso thelathini yaliyojazwa, pamoja na ripoti. Wanafunzi walizichukia Wiki Sita kabla ya kwenda, wakazilalamikia wakiwa huko, na baada ya kuhitimu wakawa hawana kingine cha kusimulia.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake kabla ya kuwa mwenzake. Nilifika Rudewa nikitokea Dar es Salaam na begi la magurudumu, nikapangiwa familia ambayo babu zao walikuja pale kukata mkonge na hawakurudi kwao. Mama mwenye nyumba alilitazama lile begi, akalitazama tope la njiani, akajitwisha kichwani magurudumu yakiwa juu. Sikumshukuru. Nilikuwa na kiburi wakati huo, na sehemu yake bado ninacho.

Wiki ya nne mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne nilipanda gari hadi Dumila, nikakaa kwenye banda moja la chipsi pale kituoni, nikajaza madodoso tisa kwa mkono wangu. Nilibuni majina, nikabuni ekari, nikawapa watu wangu ng'ombe na mbuzi kwa ukarimu. Nilibadilisha kalamu ili ionekane yamejazwa siku tofauti. Nilijiona mjanja sana.

Mratibu alikuja wiki iliyofuata bila taarifa, kama kawaida yake. Aliketi kwenye kigoda, akayasoma madodoso yote moja baada ya jingine. Mengine aliyaweka kulia, mengine kushoto. Alipomaliza, kushoto palikuwa na tisa, yale yale tisa.

"Hawa wanakaa wapi?" aliuliza.

Nikaanza kueleza kitongoji.

"Wamejibu maswali yote," alisema. "Mkulima gani anakujibu maswali yote? Hakuna hata mmoja aliyekwambia hilo kamuulize mume wangu? Hakuna aliyekufukuza?"

Chuoni kwetu kosa hilo adhabu yake ni kufukuzwa, na yeye ndiye aliyekuwa na kalamu. Alifungua mkoba wake, akatoa madodoso tisa matupu, akanikabidhi, akauliza kama mvua imekatika upande wa bondeni. Ndivyo yalivyokwisha. Hakumwambia mtu, na mimi hakunikumbusha hata siku moja, hata nilipokuwa mhadhiri na kuanza kukaa naye meza moja. Wakati mwingine nilitamani anikumbushe, tucheke, yaishe.

Namna yake ya ukaguzi ilikuwa hiyo. Hakuanza na ripoti, alianza na nyumba. Anafika, anasalimia, kisha anamgeukia mwanafunzi na kumuuliza mambo madogo madogo. Choo kipo upande gani? Maji yanachotwa wapi? Jirani wa juu amegombana na nani? Swali alilolipenda zaidi lilikuwa la mbwa. "Mbwa wa hapa anaitwa nani?" Wapo wanafunzi waliokuwa wakitoroka na kwenda kupanga chumba cha wageni Kilosa mjini, wakirudi kijijini siku wakisikia gari la chuo limeonekana. Hao kila mara walijibu kwamba mbwa anaitwa Simba. Mmoja alisema hivyo kwenye nyumba isiyo na mbwa kabisa, na mwenye nyumba, mzee wa kanisa asiyependa uongo lakini aliyempenda yule mwanafunzi, akainama na kuanza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Alikuwa na maneno yake. La kwanza ambalo kila mwanafunzi alitoka nalo ni "Uliza, halafu nyamaza." Alisema wasomi tunauliza swali, kisha kabla mtu hajavuta pumzi tunamsaidia kujibu. Darasani alituuliza kitu na kunyamaza yeye mwenyewe, akatutazama, dakika nzima, mpaka mtu wa nyuma anaanza kukohoa. Hakutumia projekta. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa za kishule, na akikosea hafuti kwa mkono, anakwenda kutafuta kifutio hata kama kiko darasa la jirani.

Neno asilolitaka kabisa ni "walengwa". Ukiliandika kwenye ripoti analizungushia penseli. "Anayelengwa ni swala," alikuwa akisema. "Hawa wana majina." Nilishuhudia akimkatiza mgeni wa heshima kwa ajili ya neno hilo, mtu aliyekuja na msafara, na tukaona soni sote isipokuwa yeye.

Sasa nisije nikamfanya mtakatifu. Mtu huyu aliyetupeleka vijijini hakuwahi kulala kijijini hata usiku mmoja. Alikuwa na nyumba yake Kilosa mjini, si mbali na reli, na kila jioni alirudi kulala kitandani kwake. Chai alitembea nayo kwenye chupa, ya rangi, bila sukari, na maji ya kunywa ni ya kwake. Wenyeji walimjua. "Mratibu, leo utalala?" walimtania. "Leo nina kikao," alijibu, na wao wakacheka kwa kuwa kikao hicho kilikuwapo miaka yote.

Na ng'ombe aliwaogopa. Sisemi kwa kumdhihaki, ni kweli tupu. Bondeni kule wafugaji wanapita na makundi makubwa, na mara moja tukiwa njiani kuelekea Tindiga tulikutana na kundi lililojaza barabara nzima. Alipandisha kioo, akafunga mlango kwa kitasa, akaanza kunieleza kwa sauti ya kawaida kabisa kuhusu mgogoro wa ardhi baina ya wakulima na wafugaji, nani alianza na nani alijibu, huku mkono wake umeshika kishikio cha mlango mpaka vidole vikawa vyeupe. Maelezo yale yalikuwa bora kuliko yote niliyowahi kusikia juu ya jambo hilo. Kundi lilipopita aliyakatisha katikati.

Binti yake aliposoma chuoni kwetu na zamu yake ya Wiki Sita ilipofika, Mratibu alikwenda mwenyewe ofisini kuomba binti apangiwe kaya ya karibu na mjini. Tulilijua hilo idara nzima. Aliomba kwa unyenyekevu ambao hatukuwa tumeuona kwake, akasema mtoto ana pumu. Pumu ilikuwapo, lakini tulikuwa tumewapeleka wenye pumu wengi milimani kwa amri yake. Binti alipewa nyumba ya karibu. Mratibu hakutoa maelezo zaidi na sisi hatukudai.

Udaktari wa falsafa hakuupata. Aliuanza, ukakaa kwenye boksi, na watu aliowafundisha wakampita mmoja mmoja. Mkuu wetu wa kitivo wa sasa alikuwa mwanafunzi wake pia. Kwenye vikao mkuu alimwita "Mratibu wetu" kwa sauti ya mtu anayemshika mzee mkono kumvusha barabara, na Mratibu aliitikia vizuri tu. Mimi nilikuwa nakereka kwa niaba yake, jambo ambalo hakuniomba.

Siku za mwisho za utumishi wake ndipo ripoti zilipoanza kuja safi. Wanafunzi walikuwa wamegundua akili mnemba. Ilikuwa inawaandikia kurasa arobaini kwa muda wa kuchemsha chai, Kiingereza kimenyooka, marejeo yamepangwa. Alinionyesha moja. Ilisema wakulima wa Tindiga kwa ujumla wana mtazamo chanya. Alikuwa amezungushia penseli, na pembeni ameandika neno moja: "Yupi?"

"Unamrudishia?" nilimuuliza.

"Nimemwita anipeleke kwa huyo mwenye mtazamo chanya," alisema. "Kesho saa mbili. Tutaona kama anaijua njia."

Kijana yule njia aliijua. Kumbe alikuwa amekaa wiki zote sita, amelima, amepukuta mpunga, amejua mbwa na majirani, na daftari lake lilikuwa limejaa mambo mazuri. Alitumia mashine kwa sababu aliona aibu ya Kiswahili chake na ya Kiingereza chake. Mratibu alimpa alama za daftari, akaichana ripoti. Lakini aliporudi alikuwa mnyonge siku nzima. Alisema kumbe tumewafundisha watoto kuona aibu ya kile walichokiona kwa macho yao.

Haya yote nayasema ili ieleweke kilichokuwa mezani tulipokutana Mikumi.

Walimu wa kitivo chetu hukutana kila baada ya muda katika hoteli moja kando ya barabara kuu, pale ambapo malori ya kwenda Iringa hupunguza mwendo kwa sababu ya wanyama. Safari hii bango la ukumbini liliandikwa "Mustakabali wa Elimu ya Juu". Nilikuwa katibu wa kikao. Mratibu alikuwa ameshastaafu, alialikwa kama mgeni, akapewa kiti cha mbele kilichofungwa kitambaa. Chai ya saa nne nyani aliingia barazani, akachukua mfuko mzima wa mikate, na kwa nusu saa iliyofuata hakuna aliyezungumzia mustakabali wa kitu kingine.

Ajenda nzito ilikuwa Wiki Sita: ziendelee au zifutwe. Hoja za kufuta hazikuwa za kipuuzi, na nisingependa mtu adhani ziliandikwa na wajinga. Wanafunzi wameongezeka, kaya hazitoshi. Bondeni mafuriko yamekuwa ya mara kwa mara. Migogoro ya ardhi inawatia wazazi hofu. Na kama ripoti inaandikwa na mashine, tunampeleka mtoto porini akafanye nini? Nusu ya hoja hizo niliziandika mimi mwenyewe, na nusu ya nusu hiyo nilikuwa naiamini.

Mwenzetu wa kompyuta alisimama kutuonyesha kitu cha kuziba pengo. Alikiita kijiji mtandao. Kwenye skrini akatokea mkulima, ana kofia, anatabasamu. Unamwandikia swali, anakujibu. Alimuuliza kuhusu mbolea, akajibu. Alimuuliza kuhusu mikopo, akajibu kwa aya tatu. Watu wakapiga makofi.

Mratibu akanyoosha mkono.

"Hongera sana, mwalimu. Nina swali moja kwa huyu mkulima wako. Anafiwa?"

"Samahani, Mratibu?"

"Nauliza, anafiwa? Maana mimi nimepeleka wanafunzi miaka yote, na hakuna mwaka ambao hatukukuta msiba. Mtoto anafika na madodoso yake, anakuta kijiji kizima kiko msibani. Pale ndipo anajifunza kukaa kimya. Sasa wa kwako?"

"Tunaweza kuongeza kitufe cha msiba," mwenzetu alisema, na hakuwa anatania. Ukumbi ulicheka sana. Mratibu naye alicheka.

Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia. Tulidhani atazitetea Wiki Sita kama mtu anavyotetea mtoto wake.

"Na mimi nina langu dhidi ya Wiki Sita," alisema. "Wale watu tumewauliza, na wametujibu. Wametupa vyakula na muda. Nani kati yetu amewahi kurudi kuwaambia majibu yao yalisema nini? Mimi sijarudi. Ripoti ziko stoo, zimeliwa na mchwa. Kwa hiyo sisemi ziendelee vile vile. Nasema hivi: kabla hatujaamua, twendeni tukawaulize wenyeji. Tindiga si mbali, gari tunalo. Wakisema wamechoka na sisi, tufunge kwa heshima."

Ukumbi ulicheka tena, kidogo. Mmoja nyuma akasema, "Mratibu anataka kutupeleka fildi uzeeni." Harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia.

Hapa inabidi nieleze utaratibu wetu. Katika vikao vyetu hatupigi kura. Kura inaonekana kama ugomvi. Mwenyekiti anasikiliza, anatazama saa, anasema, "Nadhani tumekubaliana," kisha viti vinaanza kusogezwa. Wanaounga mkono wananyamaza kwa kuwa wameshinda. Wanaopinga wananyamaza kila mmoja akidhani mwenzake atasema. Yote hayo yanaingia kwenye kumbukumbu kama kukubali, na anayeyaingiza ni katibu. Siku ile mkuu wa kitivo alisema nadhani tumekubaliana, na hakusema tumekubaliana nini. Tukaenda kula.

Baada ya chakula Mratibu alichukua mkoba wake. Alikuwa anawahi gari la Kilosa. Alinikuta mlangoni.

"Umeyaandika niliyosema?"

"Nimeyaandika, Mratibu."

"Haya, mwanangu. Kazi njema."

Na ni kweli nilikuwa nimeyaandika, kwenye daftari. Jioni mkuu wa kitivo aliniita pembeni. Alikuwa mpole, hakunitisha. "Kwenye lile la Wiki Sita," alisema, "andika tu kikao kimeridhia kusitisha. Tusirudi kulizungumza tena." Ningeweza kumwambia kwamba kikao hakikuridhia kitu, kwamba watu walikuwa na njaa. Wakati huo nilikuwa nasubiri barua ya kuwa mkuu wa idara. Niliandika kikao kimeridhia. Mratibu nilimpa sentensi moja: "Mjumbe mwalikwa alitoa maoni."

Barua yangu ilikuja. Wiki Sita hazikufanyika mwaka ule.

Mratibu alinipigia simu mara mbili. Niliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Mara ya pili nilimwandikia ujumbe kwamba niko kwenye kikao. Nilijua anachotaka kusema, na nilijua atakisema kwa upole, na upole wake ndio niliokuwa siutaki. Nilikuwa naamka asubuhi nikijieleza mbele yake kichwani, nikipiga mswaki najieleza, na kila siku maelezo yalikuwa mazuri zaidi kuliko ya jana.

Baada ya mwaka nilichoka. Nilipanda gari hadi Kilosa siku ya Jumamosi, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwake. Mkewe alinipokea, tukasalimiana, akaniwekea kiti.

"Hayupo," alisema. "Siku hizi hashindi nyumbani. Yuko Tindiga na madaftari yake. Akirudi kachoka hata hasemi. Usingempigia?"

Nilisema nilitaka kumshtukiza. Nikapanda bodaboda.

Nilimkuta kwenye nyumba ya mama mmoja anayeitwa Mama Zaituni, aliyewahi kupokea wanafunzi wetu miaka mingi. Mpunga ulikuwa umeanikwa uwanjani juu ya turubai. Mratibu alikuwa ameketi kwenye kigoda, daftari gotini, anasoma kwa sauti. Alikuwa amezitoa stoo ripoti zilizosalimika, akazifupisha kwa mkono wake kwa Kiswahili, na sasa alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuwasomea watu walichokuwa wamesema.

"Hapa mlisema mpunga unaharibikia uwanjani kabla haujaingia ndani," alikuwa akisoma. "Na wengi walitaja mvua kuliko panya."

"Panya nao, Mratibu," Mama Zaituni alisema. "Wale watoto hawakuandika panya?"

"Wameandika. Ila mvua imezidi."

"Basi waliuliza nyumba za kule juu. Huku kwetu panya."

Mratibu akaandika kwa penseli.

"Shikamoo, Mratibu," nilisema.

"Marahaba." Hakushtuka. "Umekula?"

Nilisema nimekula, jambo ambalo halikuwa kweli. Nikamwamkia Mama Zaituni, akaniletea kiti, akanitazama vizuri.

"Na huyu ni mwanafunzi?"

"Alikuwa," Mratibu alisema. "Sasa ni mkuu wa idara."

Nilimwinamia Mratibu, nikasema kwa sauti ya chini kwamba nimekuja kwa ajili ya zile simu, kwamba najua alitaka kuniambia nini. Alinitazama kama mtu asiyeelewa.

"Nilitaka kuuliza barua ya wenyeji inaletwa na nani," alisema. "Ya kuwaarifu. Walikuwa wananiuliza, na mimi si mtumishi tena, siwezi kuwasemea chuo. Nikasema nitauliza."

Hakukuwa na barua. Katika kikao chote kile, na katika vikao vilivyofuata, hakuna mtu aliyewaza kwamba wenyeji wanapaswa kuambiwa. Mimi sikuwaza. Niliona aibu, na maelezo yangu yote ya asubuhi hayakuwa na pa kukaa.

Mama Zaituni alikuwa amesikia nusu. Akakaa sawa.

"Kumbe wewe ndiye wa kuulizwa," alisema. "Haya, tuambie. Watoto wanakuja lini? Mwaka jana tumekaa tu, hatuoni gari, hatusikii neno. Nikasema labda ni mafuriko."

Mratibu alifunga daftari. Hakunisaidia kujibu.

"Hawaji, mama," nilisema.

"Mwaka huu?"

"Hawaji tena."

"Nani kaamua?"

Kikao. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lingetosha, kwa kuwa mtu hawezi kubishana na kikao. Nilimtazama yule mama, mikono yake ina makapi ya mpunga.

"Niliandika mimi," nilisema. "Watu hawakukubaliana. Mimi nikaandika wamekubaliana."

Mama Zaituni akautazama mpunga uwanjani.

"Sasa si mngesema?" alisema. "Kile chumba cha wanafunzi wenu nimekiacha na kitanda tu mavuno mawili, nawasubiri. Mpunga unalala nje, unanyeshewa. Si ningeuweka mle?"

Akainuka, akajipangusa mikono kwenye khanga, akaingia ndani. Tukasikia kitanda kinaburuzwa sakafuni, kinakwama, kinaburuzwa tena.

Mratibu aliweka penseli mfukoni.

"Nenda kamshikie," alisema. "Kile ni cha mninga, ni kizito."

Nikaingia ndani, nikashika upande wa pili.